Mayai ya chatu kwenye mashine: unyevu husimamiwa kwa mizani

Mwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga akiletewa mayai ya chatu, kishawishi cha kwanza ni kuyapanga kwenye trei ya mayai ya kuku, kujaza maji kwenye sehemu yake na kusubiri. Kwa mpangilio huo hakuna yai litakalofika mwisho. Joto la nyuzi 37.5 linaua kiinitete cha nyoka, trei inayogeuka inakitoa mahali pake, na unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unaolifaa yai la kuku unalinyausha yai la chatu mapema kabisa. Joto unalishusha hadi nyuzi 31 au 32, mota ya kugeuza unaichomoa. Hayo ni ya dakika tano. Unyevu ndio kazi ya miezi miwili na nusu au mitatu inayobaki.

Anayezungumziwa hapa ni chatu mkubwa wa Afrika, ambaye jike lake hutaga mayai 20 hadi 50 na pengine zaidi, kila moja likiwa na gramu 120 hadi 160 hivi. Nyoka wadogo wana tofauti zao, nazo ziko mwishoni. Kifutu hahusiki kabisa kwa kuwa huzaa watoto hai. Na kabla ya lolote: chatu analindwa na sheria, tena yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kenya kibali hutoka KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, Tanzania kwa mamlaka za wanyamapori. Mayai yaliyofukuliwa na trekta shambani yanaripotiwa kwanza, hayabebwi kupelekwa nyumbani.

Ganda linalokunywa

Yai la kuku lina ganda gumu la chokaa, na maji yote litakayoyahitaji limetoka nayo kwa mama yake. Linatakiwa hata kupoteza asilimia 12 au 13 ya uzito wake kabla ya kuanguliwa, ili chumba cha hewa kipanuke na kifaranga apate pa kuvuta pumzi ya kwanza.

Yai la nyoka halina chumba hicho. Ganda lake ni laini, linabonyea kwa kidole, na maji yanapita pande zote mbili: likikaa pakavu yanatoka, likikaa penye unyevu yanaingia. Oksijeni nayo inapita humo humo. Kwa hiyo ganda lile lile lina kazi mbili zinazogombana. Unyevu ukipungua, kiinitete kinakosa maji ya kuyeyushia kiini. Ganda likifunikwa na utando wa maji, hewa haipiti na kiinitete kinakosa pumzi. Karibu kila kosa la unyevu ni kuegemea mno upande mmoja kati ya hizo mbili, na wengi huegemea upande wa maji mengi, kwa sababu kuongeza maji kunampa mtu raha ya kuona amefanya kitu.

Porini chatu jike hulimaliza tatizo hili kwa mwili wake. Hujizungusha juu ya mayai shimoni na kuyaatamia kwa wiki nyingi, na mizunguko hiyo inapunguza maji yanayopotea. Mayai yenyewe yanashikana kuwa bonge moja, ambalo kwa jumla lina eneo dogo la kukauka kuliko yai moja moja lililotengwa. Ndiyo sababu bonge halivunjwi. Baada ya saa 24 hivi kulitenganisha ni kuchana maganda.

Kwa nini kipimo cha asilimia hakitoshi

Haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, ni kifaa kizuri cha kukuonyesha hatari moja tu: kukauka. Zaidi ya hapo kinapofuka. Mayai hulazwa ndani ya kontena lililofungwa lenye vemikulaiti mbichi (chembe za madini zinazoshika maji); humo hewa hukaribia kushiba mvuke, na haigromita itasoma kati ya 95 na 100 iwe umeweka gramu 300 za maji au gramu 900. Gramu 300 zinaweza kuwa pungufu na 900 zinaweza kuoza mayai, lakini tofauti yake hewani ni sehemu ya asilimia moja ambayo kipimo cha bei nafuu hakiwezi kuiona. Isitoshe, vipimo hivyo vikikaa siku nyingi juu ya 95 huanza kupotoka.

Bado kiwepo, ila kipimwe kwanza. Jaza kizibo cha chupa kwa chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi iwe uji mzito usioyeyuka wote, kiweke pamoja na haigromita kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, acha kwa saa 8 hadi 12 mahali penye joto la kawaida la chumba. Ndani ya mfuko hewa itakuwa asilimia 75. Kama kipimo kinasema 69, andika kwa kalamu nyuma yake: ongeza 6.

Kinachotofautisha maji ya kutosha na maji mengi ni mizani. Unajua uliweka gramu ngapi siku ya kwanza, unajua zimebaki ngapi leo, na unarudisha zilizoondoka tu. Yanayofuata yote yamejengwa juu ya hilo.

Vifaa na vipimo

Tafuta kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, sentimita 40 kwa 30 kwa kimo cha 20. Hilo linabeba mayai 10 hadi 12 ya chatu bila kubanana. Bonge la mayai 30 lisilotenganishika linahitaji kontena kubwa zaidi, na vipimo vya hapa chini unavizidisha kwa uwiano ule ule. Angalia kwanza kama kontena linaingia kwenye mashine. Mashine nyingi ndogo za vifaranga ni fupi mno, na deli la kubebea barafu lenye waya wa kupasha joto na themostati (kidhibiti cha joto) hufanya kazi bora kuliko hizo.

Toboa matundu manne ya milimita 3, mawili kila upande mfupi, karibu na kifuniko. Yafunike kwa kitambaa cha soksi ya nailoni kilichobandikwa kwa gundi. Chandarua hakitoshi, maana kuna inzi wadogo sana wanaopita kwenye macho yake na kutaga juu ya yai lililooza, kisha mabuu wakahamia kwa mazima.

Mizani iwe ya kidijitali, ya jikoni, ya kilo 5, inayosoma gramu moja moja. Bomba la sindano la mililita 50 au 60 bila sindano yake, kwa kuongezea maji. Penseli laini ya kuwekea alama. Tochi ndogo yenye mwanga mkali. Themometa mbili, moja ikiwa na waya wa kuingia ndani ya kontena hadi usawa wa mayai, kwa sababu joto la hewa ya mashine na joto la ndani ya kontena si kitu kimoja.

Kitanda bora ni vemikulaiti, zile chembe nyepesi zinazong'aa ambazo wenye vitalu vya miche hutumia. Uganda yenyewe inaichimba huko Namekara, mashariki mwa nchi. Chagua chembe za wastani, si unga, maana unga unashikana ukawa tope na kuziba hewa. Vaa barakoa unapoimimina. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, inafaa pale vemikulaiti isipopatikana, lakini inaota ukungu upesi, na mara nyingine huwa na chumvi: ioshe kwa maji mengi na kuikamua mara kadhaa kwanza. Maranda, na udongo wa mahali mayai yalipokutwa, acha. Huleta ukungu na sisimizi.

Sasa kipimo. Vemikulaiti ya mfuko huwa imekwisha kunyonya unyevu wa ghala, kwa hiyo ianike juani siku nzima au ikaushe kwa moto mdogo kwenye sufuria pana kabla ya kuipima, la sivyo hesabu yako inaanza na uongo. Pima gramu 600 kavu; hiyo ni lita 6 hivi, nayo itajaa kimo cha sentimita 5 kwenye kontena letu. Ongeza gramu 500 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Changanya kwa mkono hadi rangi iwe moja kote, funika, weka ndani ya mashine iliyowashwa kwa saa 24 kabla mayai hayajaingia. Muda huo unayapa maji nafasi ya kusambaa, na wewe nafasi ya kuona kama joto limetulia.

Hakikisha kwa mkono: chukua konzi, ibane kwa nguvu zote. Ishikamane, isichuruzike. Likitoka tone hata moja, ongeza kavu. Ikifumuka yote unapofungua vidole, ongeza maji gramu 30 na urudie. Ukitumia kokopiti, sahau uwiano wa gramu, kwa sababu inashika maji kwa namna tofauti na vemikulaiti. Huko amini konzi tu.

Kuyaweka mayai

Kabla ya kulinyanyua yai, weka alama ya penseli juu yake. Kiinitete hujishikiza sehemu ya juu ya ganda ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na yai la nyoka halina ile mikanda ya ute inayokishikilia kiini cha yai la kuku. Likigeuzwa, uzito wa kiini unakilalia kiinitete na mishipa yake inakatika. Alama ibaki juu kuanzia shimoni hadi siku ya kutoboa. Kalamu ya wino mzito usitumie.

Chimba kishimo kwenye kitanda na ulaze bonge humo, theluthi moja hadi nusu ya mayai ya chini ikiwa imezama. Usifukie. Yai moja moja lilazwe kwa mtindo huo huo, na nafasi ya kidole kati ya moja na jingine. Funika, weka kontena zima juu ya mizani, uandike uzito juu ya kifuniko pamoja na tarehe. Kontena tupu la gramu 1,200, vemikulaiti 600, maji 500 na mayai 12 ya gramu 140 ni gramu 3,980. Namba hiyo ndiyo utakayoilinda.

Baada ya siku 7 hadi 10, mulika kila yai kwa tochi gizani ukiigusisha ubavuni. Yai hai linaonyesha mishipa myekundu chini ya ganda. Yai viza linang'aa njano tupu, na kwa kawaida litaanza kunywea na kuota ukungu lenyewe. Viza lililoshikana na mazima liache mahali pake isipokuwa limeanza kuvuja. Kulinyofoa kunaweza kuchana jirani.

Mizani kila wiki

Siku ile ile ya wiki, saa ile ile, pima kontena. Punguzo karibu lote ni mvuke uliotoka kwenye matundu. Gramu 10 hadi 25 kwa wiki ni kawaida. Subiri uzito uwe umeshuka gramu 30 chini ya namba ya mwanzo ndipo urudishe, na urudishe 30, si 60 eti ili usirudi tena karibuni. Maji yawe na joto la nyuzi 30 hivi. Yamimine kwa bomba la sindano pembezoni mwa kontena, kidogo kidogo pande zote nne, bila kugusa yai. Maji baridi yanashtua joto la kitanda. Maji juu ya ganda yanaziba hewa.

Kiasi cha punguzo kinategemea ulipo, na hesabu yake inafaa kujulikana. Hewa ya nyuzi 31 ikishiba mvuke hubeba gramu 32 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya chumba cha Nairobi yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 55 ina gramu 10 tu, na ikipashwa hadi nyuzi 31 unyevu wake unashuka hadi asilimia 31 hivi. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 29 na asilimia 75 ina gramu karibu 22, na ikipashwa inabaki asilimia 67. Kwa kontena lenye lita 15 za hewa, kila mara hewa yote inapobadilika Nairobi inakula theluthi ya gramu, Mombasa nusu ya hapo. Ikibadilika mara 10 kwa siku, Nairobi inapoteza zaidi ya gramu 20 kwa wiki na Mombasa kama 11. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa pwani huwafaa vibaya watu wa nyanda za juu. Nairobi au Arusha, weka bakuli la maji ndani ya mashine, nje ya kontena, ili hewa inayolizunguka isiwe kavu kiasi hicho, au ziba matundu mawili kwa wiki za mwanzo.

Hesabu hiyo inaondoa pia hofu moja iliyoenea. Ukifungua kifuniko, haigromita inaporomoka hadi 60 na mtu anakimbilia maji. Lakini hewa yote iliyotoka ilikuwa na chini ya nusu gramu. Kitanda chenye nusu kilo ya maji kinairudisha baada ya kufunika, bila msaada wako. Anayenyunyizia kila anapofungua anaongeza gramu 5 au 10 pasipotoka hata moja, na baada ya mwezi anashangaa mayai yametoa jasho.

Kuna jambo moja ambalo mizani haioni. Maji yakitoka kwenye kitanda na kuingia ndani ya yai, uzito wa kontena haubadiliki, ingawa kitanda kinakauka. Kwa chatu mwendo huo ni mdogo, kwa nyoka wadogo ni mkubwa. Kwa hiyo kila wiki mbili chota konzi ya vemikulaiti kutoka kona, karibu na chini, uibane. Kama imekuwa ya kufumuka wakati mizani inasema hakuna kilichopungua, mayai yamekunywa; ongeza gramu 40 pembezoni na uandike namba mpya ya kulinda.

Matone kwenye kifuniko

Ukungu mwepesi kwenye kingo za kifuniko hauna shida. Matone yanayoning'inia na kudondokea mayai yana shida kubwa, na chanzo chake mara nyingi si maji mengi. Ni kifuniko kuwa baridi kuliko kitanda. Hewa ya nyuzi 31 iliyoshiba ikigusa plastiki ya nyuzi 29 inatema gramu 3 hivi kwa kila mita ya ujazo, na kitanda kinarudishia hewani zile zile, saa 24 kwa siku. Mashine inayopasha kutoka chini inafanya kazi hiyo vizuri kabisa: inavukiza maji chini ya mayai, inayainua na kuyanyesha juu yake. Matokeo yake kitanda kinakauka chini huku maganda yakiloa juu, na mtu anayatazama asijue aongeze au apunguze.

Dawa ni kupeleka joto juu au pande zote. Kama waya wa joto uko sakafuni, uinue kontena kwa vipande vya mbao vya sentimita 3 hewa ipite chini, na utandike taulo kavu au kipande cha stairofomu juu ya kifuniko ili kisipoe, ukiyaacha matundu wazi. Kama bado yananing'inia, badili kifuniko kwa kioo kilichoinuliwa upande mmoja kwa milimita 5, mwanya ukazibwa kwa kitambaa cha soksi. Matone yatateleza hadi ukingoni na kushuka ukutani. Yaliyokwisha kudondoka juu ya yai yanyonye kwa ncha ya karatasi ya chooni, bila kusugua.

Umeme ukikatika kifuniko ndicho kinachopoa kwanza, na matone yatajaa. Usifungue kuangalia kila nusu saa. Mayai yanavumilia saa kadhaa za kushuka hadi nyuzi 25 au 26 kuliko yanavyovumilia nyuzi 34 za themostati iliyopitiliza umeme uliporudi. Chupa nne za lita moja za maji ndani ya mashine zinapunguza mipando na mishuko yote miwili. Umeme ukirudi, acha joto litulie, kisha futa kifuniko mara moja.

Kulisoma yai

Yai lenye afya ni jeupe, kavu kwa kuligusa, limejaa lakini linabonyea kidogo likiguswa.

Mayai yote yakianza kunywea kwa pamoja, na mabonyeo yakatokea juu kabla ya wiki mbili za mwisho, ni ukavu. Ongeza gramu 50 pembezoni, ziba nusu ya matundu, tandaza kitambaa kibichi kilichokamuliwa juu ya mayai kwa siku mbili au tatu. Bonyeo la ukavu likishughulikiwa mapema hujaa lenyewe. Yai moja tu likinywea na majirani wako sawa, tatizo ni la yai hilo, si la maji. Mulika tochi kabla hujagusa kitanda. Wiki mbili za mwisho mayai karibu yote hubonyea, kwa kuwa mtoto anamaliza kiini. Hapo hakuna cha kurekebisha, na hapo ndipo watu wengi huharibu kazi ya miezi kwa kumimina maji.

Dalili za maji mengi zinakuja polepole. Yai linavimba likakaza, ganda linaonekana kama limelowekwa, vijitone vinatokea juu yake, na upande uliogusa kitanda unageuka rangi ya kijivu. Mbaya zaidi ni lisiloonekana: mtoto aliyekamilika anakufa ndani siku chache kabla ya kutoka. Ukipasua yai kama hilo unamkuta mzima kwa umbo, na kiini kingi hakijaisha. Hutaponya kwa kufungua kifuniko na kukausha hewa, kwa sababu maji yako kwenye kitanda. Andaa kontena lingine kwa uwiano wa gramu 400 za maji kwa 600 za vemikulaiti, lipashe joto saa 24, kisha hamisha mayai, alama juu.

Ukungu juu ya yai zima si hukumu. Ufute kwa pamba kavu. Baadhi ya wafugaji hunyunyiza kiasi kidogo cha poda ya kutibu fangasi wa miguuni juu ya doa. Ukungu ukirudi kila siku kwenye yai lile lile, yai hilo limekufa.

Anayechoshwa na habari za kitanda ana njia nyingine: kuyaweka mayai juu ya wavu mgumu wa plastiki, sentimita 2 au 3 juu ya maji au juu ya perilaiti (chembe nyeupe nyepesi za madini) iliyolowa, bila kugusana nayo. Kwa mayai ya chatu inafanya kazi vizuri na hakuna uwiano wa kukokotoa. Masharti yake ni mawili: kontena libane kweli, maana mayai hayana kitanda cha kunywea hewa ikikauka, na kifuniko kisipoe, maana matone hapa ni mengi zaidi. Kwa nyoka wadogo wanaokunywa sana kitanda kinabaki bora.

Sisimizi na siafu hawasubiri yai lioze. Miguu ya meza yenye mashine isimame kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo ya taa, na waya wa umeme upakwe grisi urefu wa kidole, kwa kuwa huo ndio daraja ambalo watu husahau.

Theluthi ya mwisho

Mtoto anavyokua anatumia oksijeni nyingi zaidi. Kuanzia wiki ya saba au ya nane fungua matundu yote, na kila siku mbili inua kifuniko na upunge hewa mara tatu kwa kukipepea. Wiki mbili za mwisho fanya hivyo kila siku. Utapoteza maji zaidi na mizani itakuambia kiasi gani. Rudisha hayo, usizidishe.

Watoto hukata ganda kwa jino dogo lililo mbele ya mdomo, kisha hubaki na pua nje kwa saa 24 hadi 48 wakivuta mishipa na kiini kilichobaki. Usimvute. Maji yoyote yaliyotuama kontenani yaondoe, maana mtoto aliyechoka anaweza kuzama kwenye sentimita moja ya maji. Yai ambalo halijakatwa siku mbili baada ya wenzake linaweza kupasuliwa kidogo juu kwa mkasi mdogo, tundu la sentimita moja, bila kuigusa mishipa. Kabla ya hapo weka mkasi mbali.

Waliotoka wahamie kwenye sanduku lenye karatasi mbichi na bakuli la maji ya kina kifupi. Wakae hapo hadi wajivue ngozi ya kwanza, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili. Karatasi ikikauka ngozi inatoka vipande vipande na kuziba macho na ncha ya mkia.

Nyoka wadogo

Nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, wale wa jenasi ya Boaedon, wanataka nyuzi 27 hadi 29, na huchukua kama miezi miwili au zaidi kidogo. Mayai yao yanakunywa kwa bidii na kuongezeka uzito waziwazi, kwa hiyo kitanda kianze na uwiano wa moja kwa moja, gramu 300 za vemikulaiti kwa 300 za maji, hata kama mayai ni machache. Kontena dogo lenye gramu 60 za kitanda litakaushwa na mayai kumi kabla ya nusu ya safari. Hapa konzi ya kila wiki ina kazi kubwa kuliko mizani.

Swila na koboko wanafuata utaratibu huo huo wa kitanda. Tofauti yao ni kifuniko: kiwe cha kufungwa kwa vibanio na kiandikwe jina la nyoka kwa herufi kubwa, kwa kuwa mtoto wa koboko ana sumu tangu dakika anapotoa pua, na wa kwanza anaweza kutoka siku ambayo hukumtarajia. Siku ya kupunga hewa unamulika tochi kupitia ukuta wa plastiki kwanza, unahesabu mayai yaliyokatwa, ndipo unafungua kibanio.